Uso wa Kanisa Ambao Haukujengwa: Teknolojia ya Kidijitali na Kazi ya Michelangelo

Afikaye mbele ya Basilika ya San Lorenzo, mjini Firenze nchini Italia, hushangaa. Ndani, kazi ya Filippo Brunelleschi imepangwa kwa ulinganifu mkubwa. Nje, upande wa mlango mkuu, upo ukuta mtupu wa mawe yasiyolainishwa. Je, kwa nini kanisa maarufu namna hii halina uso?

Papa Leo X, mzaliwa wa ukoo wa Medici, alitaka kanisa hilo la jamaa zake livikwe marumaru. Mnamo Januari 1518 Michelangelo alitia saini mkataba wa miaka 8 kwa dukati 40,000. Akahangaika katika machimbo ya Carrara na Pietrasanta, lakini Machi 1520 mkataba ukavunjwa. Ikabaki michoro, pamoja na mfano mkubwa wa mbao unaohifadhiwa Casa Buonarroti, mjini humo humo.

Hapo ndipo kompyuta inapotusaidia. Kazi ya namna hii huanza kwa kupima. Miale ya leza, au picha nyingi zilizopigwa kutoka pande mbalimbali, huwezesha kuunda umbo la mfano na la ukuta wenyewe. Vipimo vya kale vya dhiraa ya Firenze, yenye takriban sentimita 58, hugeuzwa kuwa mita. Kisha maumbo hayo mawili hupatanishwa, ili kuona kama nguzo zinakubaliana na milango iliyopo. Mwaka 2007, wakazi wa Firenze waliuona uso huo ukimulikwa usiku kwa mwanga juu ya ukuta mtupu.

Hata hivyo, tunapaswa kuwa na busara. Sanamu zilizokusudiwa hazimo katika mfano uliobaki. Anayejaza nafasi hizo anakisia, na katika kompyuta kisio hung'aa sawasawa na ukweli. Kwa hiyo mtaalamu mwaminifu hutofautisha kwa rangi kilichothibitishwa na kilichodhaniwa. Nasi tutazamapo picha za makanisa ya kale, tuulize: hili limetoka katika mchoro upi?

Tusiuone ukuta ule kuwa aibu. Kwa takriban miaka 500 tangu mkataba uvunjwe, Misa Takatifu imeadhimishwa nyuma yake. Marumaru ilikosekana, altare haikukosa waamini.