Kijana Ametoka Chuoni, Anataka Kazi ya Nyumba na Viwanja Mombasa



Katika mikutano yetu na vikundi tunaulizwa swali hili mara nyingi. Mzazi husimama akasema: "Mtoto wetu amemaliza chuo. Kikundi kilimchangia karo. Sasa anasema hataki kungoja kazi ya ofisi, anataka kuuza na kupangisha nyumba kule Mombasa. Je, hiyo ni kazi, au ni mambo ya ujanja wa mjini tu?"

Sisi tunajibu kwamba ni kazi, tena ya maana. Lakini ina mlango wake wa kuingilia. Anayeruka ukuta huumia mwenyewe, na mara nyingi huumiza na waliomsomesha. Kabla ya kueleza, tuwape habari ya kikundi kimoja tunachokijua.

Waliyemtuma alikuwa mtoto wao

Kikundi hiki ni cha kina mama, na kijiji chao kiko mbali na Mombasa, safari ya matatu ya saa kadhaa. Waliweka akiba kwa miaka mingi. Mtoto wa mwanachama mmoja alipopata diploma yake akaenda mjini, akajiita wakala. Hakuwa na ofisi, alikuwa na simu na shati safi. Baada ya miezi mitatu akaleta habari: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, Majengo, hapo kisiwani, wapangaji wamo tayari, na bei ni rahisi ajabu. Kina mama wakafurahi. Mapatano yakaandikwa mbele ya mzee wa mtaa, pesa zikahesabiwa, watu wakapeana mikono.

Mwezi wa pili akabisha hodi mtu mwenye kitabu cha risiti. Alitaka kodi ya kiwanja.

"Kiwanja si chetu?" akauliza mweka hazina.

"Mama, ninyi mlinunua nyumba," akajibu yule mtu. "Ardhi ina mwenyewe."

Aliyeuza hakusema uongo. Alisema anauza nyumba, na nyumba akauza. Kijana ndiye hakujua kwamba Mombasa nyumba ni kitu kimoja na ardhi iliyo chini yake ni kitu kingine. Aliona haya, akaacha kuja nyumbani hata Krismasi. Basi makala hii tunaiandika ili kijana wenu asipite njia hiyo.

Kazi yenyewe ni nini?

Watu husema "dalali" wakimaanisha kila anayeshughulika na nyumba. Kwa kweli kazi ni zaidi ya moja:

1. Dalali au wakala huwakutanisha mwenye mali na mnunuzi au mpangaji.

2. Msimamizi wa nyumba hukusanya kodi, huita fundi bomba likipasuka, na hupeleka hesabu kwa mwenye nyumba kila mwezi.

3. Mthamini hupima thamani ya mali, kwa mfano benki inapotaka kukopesha. Yeye ana sheria yake na bodi yake, na masomo yake ni marefu.

Kisiwa cha Mombasa ni kidogo, kama kilomita za mraba 14 tu, na kilikwisha kujengwa zamani. Viwanja vitupu ni haba. Kwa hiyo kijana anayeanza asiote ndoto za kuuza jumba Kizingo wiki ya kwanza. Mkate wake wa kila siku utatoka katika kupangisha na kusimamia nyumba.

Sheria inasemaje?

Kenya ina sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi, Sura ya 533, iliyopitishwa mwaka 1984. Sheria hii iliunda Bodi ya Usajili. Inamkataza mtu asiyesajiliwa kufanya biashara ya uwakala, na kuivunja ni kosa la jinai. Bodi huangalia elimu ya mwombaji na uzoefu wake. Tena sheria hiyo inataka pesa za wateja ziwekwe katika akaunti ya benki iliyo mbali na pesa za wakala mwenyewe.

Maana yake ni nini kwa kijana wetu? Ni kwamba aliyetoka chuoni jana hawezi kuamka leo akafungua duka la uwakala kwa jina lake. Anayo njia iliyonyooka: aajiriwe na wakala aliyesajiliwa, hata kama ni kwa mshahara mdogo au kwa kamisheni tu, ajifunze kazi, kisha aombe usajili wake. Sisi tunashauri asihesabu chini ya miaka miwili ya kujifunza. Kabla ya kukubali kazi aulize: "Ofisi hii imesajiliwa? Cheti kiko wapi?" Mwajiri mwema hataona vibaya kuulizwa.

Mambo manne ambayo chuo hakikufundishi

Vitabu vingi vya chuo huzungumza juu ya ardhi kwa jumla. Mombasa ina mambo yake, na ni lazima kijana ayajue.

La kwanza ni nyumba bila ardhi. Haya ndiyo yaliyowapata kina mama wetu. Pwani, tangu zamani mtu aliweza kujenga juu ya kiwanja cha mwingine na kumlipa kodi ya ardhi. Kuta na paa ni zake, udongo si wake. Kisha ikaja sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Iliwataka watu wa ukanda wa pwani, ule wa maili kumi, wapeleke madai yao na kuyathibitisha. Waliojua na kuweza walipata hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Sheria ile ilifutwa mwaka 2012, lakini matokeo yake bado tunaishi nayo: wengi wana nyumba, wachache wana ardhi. Nyumba ya namna hii inaweza kununuliwa, na kodi za vyumba huingia. Lakini mnunuzi hana hati ya ardhi ya kupeleka benki, na hawezi kupandisha ghorofa bila ruhusa ya mwenye kiwanja. Mwenye kiwanja akiuza, mazungumzo yanaanza upya na mtu mpya. Bei ikiwa rahisi ajabu, swali la kwanza liwe: "Mnauza nyumba, au nyumba na ardhi yake?"

La pili ni wakfu. Katika Mji wa Kale na sehemu nyingine za kisiwa ziko nyumba ambazo wenyewe waliziweka wakfu, kwa msikiti, kwa maskini au kwa vizazi vyao. Mali ya wakfu hukodishwa, lakini haiuzwi kama mali ya kawaida, wala hairithiwi ikagawanywa. Kenya ina Kamisheni ya Wakfu inayosimamia mali hizo. Kijana aulize mapema, kabla ya kumzungusha mnunuzi siku tatu juani.

La tatu ni mirathi. Unaingia nyumba ya ghorofa pale Kibokoni au Ndia Kuu, mlango wa kuchongwa, roshani ya mbao. Anayekupokea anasema, "Nyumba hii ni yangu." Ukiuliza zaidi unasikia babu alifariki zamani, na mali haijagawanywa. Warithi ni kumi na wanne: wengine wako Mombasa, wengine Maskati, wengine Dubai na London. Kwa Waislamu mgao hupitia kwa Kadhi, na kila mrithi ana fungu lake, wanawake na wanaume. Mmoja hawezi kuuza fungu la mwenzake. Kijana mwenye subira anaweza kuisaidia familia kama hiyo sana: kuandika orodha ya warithi, kuwapigia simu, kuwaelekeza kwa wakili na kwa Kadhi. Mwenye pupa atachukua malipo ya kwanza kwa mtu mmoja, halafu ataitwa mahakamani na kumi na watatu.

La nne ni hifadhi. Mji wa Kale, ulio ubavuni mwa Ngome ya Yesu, ni eneo la hifadhi lenye ofisi yake chini ya Makavazi ya Taifa. Mtu hawezi kununua nyumba ya kale akaibomoa na kujenga ghorofa za vioo apendavyo. Hata kubadilisha uso wa nyumba, mlango au roshani, kunahitaji ruhusa. Mteja anayetaka kujenga upya aambiwe hayo kabla ya kulipa.

Miguu, funguo na daftari

Mwaka wa kwanza kijana atatembea. Atabeba funguo, atawaonyesha watu vyumba Tudor asubuhi na Ganjoni jioni, na wengi hawatachukua. Miezi mingine atapata pesa, mingine hatapata kitu. Kwa desturi ofisi hulipwa sehemu ya kodi ya mwezi, au kodi ya mwezi mzima, nyumba inapopata mpangaji. Kusimamia nyumba hulipwa asilimia fulani ya kodi. Kijana aulize tangu mwanzo fungu lake ni lipi, na aandikiwe.

Mambo haya yatamjengea jina:

Aijue ofisi ya usajili wa ardhi. Kupekua daftari la ardhi, yaani "kufanya sachi" kama wasemavyo mjini, ndiyo kazi ya kwanza katika kila mauzo. Matokeo huonyesha mwenye ardhi ni nani, na kama ina deni la benki au zuio la mahakama. Nakala ya hati mkononi mwa muuzaji haitoshi.

Asome namba ya kiwanja. Viwanja vya kisiwani huandikwa "Mombasa/Block" na namba zake. Herufi MN ni bara ya kaskazini, kama Nyali na Kisauni. MS ni bara ya kusini, ng'ambo ya feri ya Likoni. Ukiambiwa kiwanja kiko kisiwani na karatasi inasema MN, simama hapo hapo uulize.

Asimdharau mpangaji. Mwenye duka asiye na mkataba wa maandishi hawezi kutolewa kwa neno la mdomo tu. Sheria ya mwaka 1965 ya wapangaji wa maduka na hoteli inataka apewe ilani ya maandishi, na iko tume ya kusikiliza kesi zao. Wakala anayefungia watu makufuli usiku anamtafutia mwenye nyumba kesi.

Aandike kila senti. Risiti kwa kila malipo, daftari kwa kila nyumba. Wenye nyumba wengi ni wazee, au wako ng'ambo. Wanachotaka kujua ni nani alilipa, nani hajalipa, na fundi alichukua ngapi. Kuanzia Januari 2024 kodi ya serikali juu ya mapato ya nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 kwa wenye mapato ya kati, na mwenye nyumba hufurahi kuwa na mtu anayemkumbusha kabla ya tarehe.

Asipokee dipoziti ya chumba kimoja kutoka kwa watu wawili. Mji ni mdogo. Habari ya asubuhi Mwembe Tayari, saa sita iko Makupa.

Kikundi kifanye nini?

Kikundi kinaweza kumsaidia kijana bila kujiangamiza. Haya tunayashauri:

1. Mkopesheni nauli na kodi ya chumba kwa miezi sita ya kwanza. Iandikwe katika daftari la mweka hazina kama mkopo mwingine wowote.

2. Msimpe akiba ya kikundi awanunulie mali akiwa bado anajifunza. Hata awe mwaminifu namna gani. Kina mama wetu hawakuibiwa na mtu.

3. Mkitaka kununua, tumieni wakili, na sachi ifanywe kabla ya malipo ya kwanza. Kumbukeni gharama nyingine: ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani mjini, na asilimia 2 mashambani.

4. Pesa zipitie benki kwa jina la kikundi, na watu wasiopungua watatu waende kuiona mali kwa macho yao na kuongea na majirani.

Na yule kijana?

Mama yake alimfuata mjini. Hakumgombeza. Alimwambia, "Rudi ujifunze ulichokosea." Akapata nafasi kwa wakala aliyesajiliwa, akaanza kwa kubeba funguo na kupanga foleni ofisi ya ardhi. Nyumba ya Majengo kikundi bado kinayo. Kina mama hulipa kodi ya kiwanja kila mwezi, risiti zote wameziweka, na vyumba sita vinawaletea kitu kidogo.

Mwaka jana kikundi kilitaka kununua tena, kiwanja huko bara. Safari hii kijana alikuja kijijini na karatasi ya sachi mkononi. Akawasomea mstari kwa mstari, akawaonyesha deni la benki lililoandikwa pale. Akawaambia, "Mama zangu, hiki msinunue." Hakupata kamisheni siku ile. Lakini walimpikia chai, na mweka hazina akamwandikia namba yake mpya katika daftari la kikundi.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Je, tuna vijana waliomaliza chuo wanaofanya kazi hii? Wameajiriwa na ofisi iliyosajiliwa, au wanahangaika peke yao?

2. Kama kikundi chetu kina nyumba au kiwanja mjini, hati yake inasema nini? Nani kati yetu amewahi kuisoma yote?

3. Mtu akituletea mali ya bei rahisi kesho, maswali yetu matatu ya kwanza yatakuwa yapi?