Bakshishi au ada ya huduma? Soma bili kabla hujaongeza, uwe Garissa au ughaibuni

Watu wa Garissa siku hizi hawaishii Nairobi. Yuko anayekwenda Dubai kuchukua bidhaa, yuko anayewafuata jamaa zake Minneapolis, yuko anayesoma London. Sisi wa Pwani ni hivyo hivyo: ni nadra kupata mtaa wa Mombasa, Malindi au Lamu usio na mtu Uarabuni au Ulaya. Nimekaa Garissa kikazi kwa muda, na wanaosafiri mara ya kwanza wameniuliza swali hili zaidi ya mara moja: "Nikila hotelini kule, nilipe kilichoandikwa tu au niongeze?"

Swali linaonekana dogo. Lakini asiyejua jibu hulipa mara mbili kwa huduma moja, au huondoka akimwacha mhudumu bila sehemu ya riziki aliyoitegemea. Na kuna jambo la tatu ambalo halizungumzwi sana: pesa inayoitwa ya huduma, je, inamfikia aliyehudumu? Hilo linatuhusu hata sisi tusiopanda ndege.

Tutenganishe mambo matatu

Kwenye bili ya chakula kunaweza kuwa na nyongeza za aina tatu, na watu wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni kodi. Hapa Kenya ni VAT ya asilimia 16, pamoja na ada ya utalii ya asilimia 2. Pesa hizo ni za serikali na mfuko wa utalii. Mwenye hoteli ni mkusanyaji tu, na weita hapati hata ndururu.

Ya pili ni ada ya huduma. Hii ni asilimia ambayo hoteli yenyewe inaamua kuongeza, mara nyingi 5 au 10. Haikusubiri wewe uridhike. Imeshaandikwa kabla hujaonja chakula.

Ya tatu ni bakshishi, ile unayotoa kwa hiari yako baada ya kuhudumiwa. Kwetu Kenya neno "chai" limeichafua, kwa sababu neno hilo hilo hutumika kwa hongo. Tofauti ni rahisi. Hongo unaitoa ili upewe kile ambacho ni haki yako au si haki yako. Bakshishi unaitoa ukishapata haki yako, na usipoitoa hakuna mlango unaofungwa.

Garissa, bei ni bei

Ingia hoteli ya kawaida mjini Garissa. Mara nyingi hakuna menyu ya karatasi. Weita anasimama mezani na kukutajia kilichoko jikoni: wali, pasta, mbuzi, nyama ya ngamia. Asubuhi ni anjera na maini, na chai ya maziwa. Wali unakuja na ndizi mbivu ambayo hukuiagiza. Ukimaliza unanawa, unakwenda kaunta, unaambiwa jumla, unalipa. Hakuna asilimia ya huduma.

Jambo la pili utakaloliona ni kwamba bili ya meza nzima hulipwa na mtu mmoja. Desturi ya Wasomali si kila mtu atoe chake. Utaona wazee wawili wakivutana mikono mbele ya kaunta, kila mmoja akiapa kwamba leo analipa yeye, na mgeni wa kutoka Pwani akijaribu kutoa pochi anashikwa mkono. Ni desturi nzuri, na sisi tunaosema "mgeni njoo, mwenyeji apone" tunaielewa vizuri.

Lakini tazama ukarimu huo unaelekea wapi. Unaelekea kwa waliokaa mezani. Aliyesimama na sahani mkononi hahesabiwi, kwa sababu mshahara wake huchukuliwa kuwa ni shauri la mwenye hoteli. Si uchoyo, ni mazoea. Baadhi ya wahudumu niliozungumza nao wametoka mbali, Mwingi na Tana River, wanakula na kulala hapo hapo kazini, na kinachobaki wanatuma nyumbani. Kwao chenji ya shilingi 50 inayoachwa mezani si mapambo.

Na chenji hiyo imepungua. Zamani ukila cha 350 ukatoa noti mbili za 200, ilikuwa rahisi kusema, "Hiyo nyingine kunywa chai." Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, na hasa baada ya kila hoteli kubandika namba ya malipo ukutani, mteja analipa 350 kamili na pesa yote inaingia kwenye akaunti ya mwenye hoteli. Chenji haipo. Wateja wengine huongeza 50 kwenye hiyo hiyo namba wakidhani wamempa weita. Hawajampa. Wamempa tajiri wake, na ikiwa tajiri hana utaratibu wa kuitoa, imeishia hapo. Ukitaka imfikie, mpe noti mkononi au mtumie kwenye simu yake mwenyewe.

Sheria ya Kenya inasemaje

Ukitoka hoteli za kawaida ukaingia zile kubwa, za Garissa penyewe ambako semina hufanyika, au za Nairobi na ufuoni Mombasa na Diani, unaweza kukutana na ada ya huduma. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliitaja pesa hii kwa maneno yanayofaa kujulikana. Ilisema kwamba ada ya huduma inayotozwa badala ya bakshishi haihesabiwi katika thamani inayotozwa kodi, kwa masharti mawili: igawiwe wafanyakazi moja kwa moja kwa makubaliano ya maandishi kati yao na mwajiri, na isizidi asilimia 10 ya bei ya huduma.

Kwa lugha nyepesi, sheria iliitazama pesa hiyo kama mali ya wafanyakazi, ndiyo maana ikaiondoa kwenye hesabu ya mapato ya mwenye hoteli. Tajiri anayeitoza kisha akaiweka mfukoni amepandisha bei tu na kuipa jina la wengine.

Tuchukue mfano. Mmekula chakula cha shilingi 3,000 na hoteli imeongeza asilimia 10. Bili ni 3,300. Msomaji asiyetazama risiti ataona weita amemtendea wema, ataweka 300 nyingine mezani. Sasa amelipa 600 kwa huduma. Kama amekusudia, Mungu ambariki. Kama hakujua, ameliwa.

Kuna pia bili ambazo hakuna mtu anayezisoma, nazo ni za semina. Ofisi inalipia washiriki 60 kwa siku tatu, hesabu inafanywa kwa kichwa, na malipo yanapitia benki wiki kadhaa baadaye. Washiriki hawaachi kitu kwa kuwa "ofisi imelipa". Ikiwa ndani ya malipo hayo mna ada ya huduma, ni pesa nyingi kuliko bakshishi ya mwezi mzima. Mhasibu anayeidhinisha ana haki ya kuuliza inagawiwa vipi.

Ukivuka mipaka

Wahenga walisema ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Kila nchi ina lake, na heri kulijua kabla ya kuketi.

Dubai. VAT ni asilimia 5 tangu Januari 2018. Katika mikahawa iliyo ndani ya hoteli kubwa huwa kuna ada ya huduma ya asilimia 10 na ada ya manispaa ya asilimia 7. Mara nyingi bei ya menyu imeshajumlisha yote, lakini soma maandishi madogo chini ya ukurasa. Ikiwa hayajajumlishwa, chakula cha dirhamu 100 kinaweza kupita 120. Hapo huna deni la bakshishi. Katika mikahawa midogo ya Deira, ambako wafanyabiashara wetu hula, ada hiyo kwa kawaida haipo, na dirhamu chache anazoachiwa mhudumu hupokelewa kwa shukrani.

Saudia na Oman. Anayekwenda Hija au Umra ajue kwamba VAT ya Saudia ilipanda hadi asilimia 15 Julai 2020. Oman ilianza yake ya asilimia 5 Aprili 2021. Hizo ni kodi, si za mhudumu. Bakshishi ni hiari, na kiasi kidogo kinatosha.

Uingereza. Mikahawa mingi ya London huongeza asilimia 12.5 yenyewe, na chini huandika kwamba ni ya hiari. Wanamaanisha hivyo: unaweza kuomba iondolewe bila ugomvi. Lakini kabla hujaomba, jua kwamba sheria ya mgawanyo wa bakshishi iliyopitishwa 2023 ilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024, na inamtaka mwajiri awape wafanyakazi pesa yote, bila kukata isipokuwa kile sheria inachotaka kama kodi. Ukiilipa, usiongeze nyingine.

Ufaransa. Huduma imo ndani ya bei kwa mujibu wa sheria. Sarafu unazoacha ni za kushukuru tu.

Japani. Usiache kitu. Unaweza kumwona mhudumu akikukimbilia barabarani kukurudishia ulichosahau.

Marekani. Hapa ndipo Mwafrika wa Mashariki huona ajabu. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991. Kima cha chini cha jumla ni dola 7.25, na bakshishi ya wateja ndiyo inayotarajiwa kujaza pengo; isipojaza, mwajiri anatakiwa afidie. Ndiyo maana asilimia 15 hadi 20 inachukuliwa kuwa karibu lazima. Majimbo kadhaa yamekataa utaratibu huo. Minnesota, walikojaa jamaa zetu wa Kisomali, ni mojawapo: mhudumu hupata kima kamili cha jimbo kabla ya bakshishi, ingawa desturi ya kuiacha ipo pale pale.

Mkienda watu sita au zaidi, mikahawa mingi ya Marekani huongeza asilimia 18 au 20 yenyewe. Familia zetu haziendi kula watu wawili, kwa hiyo hili litawapata. Mamlaka ya kodi ya huko imeamua kwamba nyongeza ya lazima si bakshishi, ni mapato ya mkahawa, na anachopewa mfanyakazi kutoka humo ni mshahara. Na baada ya nyongeza hiyo, kile kidude cha kadi bado huletwa mezani kikikuuliza unataka kuongeza asilimia ngapi. Jibu "hapana" bila aibu. Umeshalipa.

La kufanya mezani

Kwanza, soma chini ya menyu kabla ya kuagiza, si baada ya kushiba. Pili, bili ikija tafuta mstari wa huduma na uutenganishe na kodi. Tatu, kama mstari huo upo, muulize mhudumu kwa upole, meneja akiwa mbali: "Hii inawafikia?" Akisema ndiyo, usiongeze. Akisita, mpe chako mkononi, na mahali ambapo ada ni ya hiari omba iondolewe. Nne, kama haupo, fuata desturi ya nchi.

Kwa wenye hoteli wa Garissa, Wajir na Mandera, na wenzao wa Pwani, nina ombi moja. Miji hii inakua, hoteli mpya zinajengwa, na baadhi yenu mtaanza kutoza ada ya huduma kama wenzenu wa Nairobi. Si vibaya. Lakini iandikeni kwenye menyu, andikianeni makubaliano na wafanyakazi, na kila mwisho wa mwezi bandikeni jikoni kiasi kilichokusanywa na kila mmoja alichopata. Dini yetu imehimiza mfanyakazi alipwe ujira wake bila kucheleweshwa, na pesa hii mteja ameitoa kwa jina lake.

Kwa sisi wateja, lipo hata dogo zaidi. Idi ikifika, tunatoa mkono wa Idi kwa watoto wa mtaa mzima. Tumkumbuke pia weita aliyetuletea futari mwezi mzima, huku yeye mwenyewe akifungua kwa tende moja akiwa amesimama.