NAMNA YA KUSAIDIA MTOTO MDOGO KUANDIKA NA KUSOMA



Mmetuona sisi wa mwaka wa mwisho wa pedagojia tukitelemka kwenda staji ku masomo ya msingi, ardwazi kwapani. Wengine wanacheka: "Mnaenda kufundisha a, e, i, o, u, hiyo nayo ni kazi?" Ndiyo, ni kazi, tena ngumu. Na kila mmoja wenu, hata wa biolojia ao wa biashara, anaweza kuifanya nyumbani kwa mdogo wake. Ndiyo maana tunaandika.

Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 serikali ilitangaza kama masomo ya msingi ya watu wote ni bure. Watoto wengi sana wakaingia, na kalasi zikajaa. Ni jambo la kushukuru. Lakini mwalimu mmoja mbele ya kundi kubwa hawezi kushika mkono wa kila mtoto. Na mtoto anayemaliza mwaka wa pili bila kujua kusoma, masomo yote ingine inamupita juu ya kichwa: hesabu, jiografia, hata katekisimu. Atadubla mara moja, mara mbili, kisha atabaki nyumbani. Mara nyingi wa kwanza kubaki ni msichana.

1. MKONO KWANZA

Mbele ya herufi, tuangalie mwili. Mtoto akae wima, miguu iguse chini. Kama hakuna meza, tumuwekee kipande cha ubao juu ya magoti. Kreyo inashikwa na vidole vitatu: kidole gumba na cha shahada vinaibana, cha kati kinaibeba chini. Asikaze sana. Vidole vikigeuka vyeupe, atachoka upesi na atachukia kuandika. Kreyo ikiwa fupi kama kidole chake, tuichomeke ndani ya tete ao kijiti cha mwanzi, itashikika vizuri.

Kisha tumwache achore katika mchanga na kidole: fimbo toka juu kwenda chini, viduara, vilima. Mkono ukizoea njia hizo, karatasi haitamuogopesha.

Mtoto wa mkono wa kushoto, tusimpige wala tusimfunge ule mkono. Si dhambi, si kiburi, Mungu amemuumba vile. Tumgeuzie tu kaye: mwenye mkono wa kuume anaiinamisha kidogo upande wa kushoto, na yeye ainamishe upande wa kuume, apate kuona anachoandika.

2. HERUFI ZINA JAMAA

Wengi wanafundisha kuandika kwa kufuata a, b, c, d. Kwa mkono ile si njia nyepesi. Herufi za kuunganisha zina jamaa zao. Jamaa ya c: a, d, g, q, o, zote zinaanza kwa kugeuka kama c. Jamaa ya i: u na t. Jamaa ya kitanzi: e, l, b, h, k, f. Jamaa ya daraja: n na m. Mtoto akishika c vizuri, ameshika nusu ya njia ya a na d.

Hapa kuna faida ingine. Watoto wengi wanachanganya b na d. Katika mwandiko wa kuunganisha, b inaanza na kitanzi kinachopanda, d inaanza na c. Mkono unakumbuka hata kama macho yanasahau.

Tusimpe ukurasa mzima wa herufi moja. Mstari wa kwanza anaangalia mfano wa mwalimu. Kufika mstari wa kumi anaangalia mstari wake wa tisa, na makosa yake yanakuwa mwalimu wake. Mistari mitatu mizuri inatosha, na mfano urudiliwe mwanzoni mwa kila mstari.

3. KUSOMA SI KUKARIRI

Tufundishe sauti ya herufi, si jina lake tu. Mtoto anayesema "em, a" namna gani atapata "ma"? Afunge midomo, aseme "mmm", kisha afungue: "mmma". Hii si maneno mapya. Comenius, askofu wa Kiprotestanti wa Moravia, alitoa kitabu chake cha picha Orbis Pictus mwaka 1658, na mule kila herufi iko pamoja na sauti ya mnyama ao ya kitu ambacho mtoto anajua.

Kiswahili ni rahisi kwa hiyo kazi, sababu a, e, i, o, u hazibadili sauti. Tuanze na hizo tano, kisha m: ma, me, mi, mo, mu. Tuongeze l na t. Kwa herufi hizo chache mtoto anasoma tayari: mama, lala, lima, mali, moto, tamu. Anaweza hata kusoma maneno yanayosema jambo: Mama alilima. Siku hiyo mtaona uso wake. Mb, nd, ny, sh na ng' zingoje nyuma.

Lakini angalieni! Watoto wetu wana kichwa chepesi, wanashika ukurasa mzima kama wimbo. Tumjaribu hivi: aanze na neno la chini, tufunike picha, tumwonyeshe neno la katikati. Ao tuandike neno lisilo na maana, kama "lomu". Anayesoma kweli atalisoma. Aliyekariri atatuangalia usoni.

Kuna jambo lingine la kwetu. Imeandikwa "watoto", mtoto anasoma "batoto". Asipigwe! Amefahamu neno, kinywa chake kimesema kama nyumbani. Tumwambie: "Umefahamu vizuri. Sasa angalia herufi ya kwanza, ni w." Lakini akisoma "matoto", hapo hakuangalia, tumrudishe pole pole kwa herufi. Makosa hayo mawili hayafanani, na dawa yake haifanani.

4. KIFARANSA KIKIINGIA

Hapa wengi wanapotea, kumbe si wajinga. Herufi ni zile zile lakini sheria imebadilika. Amezoea ch ya "chai", sasa anakuta "chat" inayosomwa "sha", na t inanyamaza. "Ku" yetu, Kifaransa wanaandika "cou". J ya "jana" si j ya "jour". Tusimwambie tu "Umekosa". Tumwambie: "Sasa tumevuka mto, huku wanasoma hivi," na tumpe sheria moja moja.

5. NYUMBANI

Dakika kumi na tano kila siku ni bora kuliko saa mbili za siku ya posho. Vitu viko: karto iliyokatwa kwa kuandika silabi, makaa juu ya ubao, kitabu cha nyimbo. Tufungue Biblia tumwambie: "Tafuta 'Yesu' katika ukurasa huu." Mzazi asiyejua kusoma naye anaweza kusaidia. Aseme tu, "Nisomee, mwanangu," na amsikilize mpaka mwisho.

Katika misioni nyingi za Kiprotestanti, wakatekumeni walijifunza kusoma ili wafungue Injili wao wenyewe. Nyumba nyingi za masomo zilianzia hapo. Sisi tunaosoma leo tuko na deni.

Basi, wandugu, kila mmoja wetu achukue mtoto mmoja tu, mdogo wake ao wa jirani, mpaka mwisho wa mwaka. Tusimcheke akikosa. Na anayetaka mfano wa mistari ao karto za silabi, aje kutuona kisha ibada ya asubuhi. Tutamwonyesha.

Kapita wa wanafunzi,
kwa jina la wafinalisti wa pedagojia