Seva, Ghala la Diski na Njia Mbili Kati Yake

iSCSI ni itifaki, yaani utaratibu wa mawasiliano uliokubaliwa, inayozifungasha amri za kusoma na kuandika diski ndani ya pakiti za TCP/IP na kuzipitisha katika kebo za kawaida za mtandao, hata seva ikaiona diski iliyo katika ghala la chumba kingine kana kwamba imo tumboni mwake. Kiwango chake rasmi kilitolewa mwaka 2004.

Neno poti lina maana mbili hapa: tundu la kadi ya mtandao linalochomekwa kebo, na namba ambayo kwayo programu hupokea wito, nayo kwa ghala la iSCSI kwa kawaida ni 3260.

Kila tundu hupewa anwani ya IP ya kudumu, kwa kuwa seva inayowaka baada ya umeme kukatika, ikakuta ghala limehama anwani, haitaziona diski zake. Tuseme tundu la kwanza la seva ni 10.10.1.11 na la ghala 10.10.1.21, yakiunganishwa na swichi moja, na matundu ya pili ni 10.10.2.11 na 10.10.2.21, yakipitia swichi nyingine. Kwa kipimo cha kugawa mitandao (subnet mask) cha 255.255.255.0, fungu la tatu la tarakimu ndilo linalotenga mitandao hiyo miwili. Fundi akiyaweka matundu yote ya seva katika mtandao mmoja, kosa linaloonekana dogo, mara nyingi mfumo endeshi hupitishia kila kitu tundu moja na la pili likabaki pambo. Anwani ya lango la kutokea nje haijazwi, maana data hizi hazina safari huko.

Njia mbili hudai programu ya kuziunganisha, kwani bila hiyo seva huiona diski moja kama mbili, na ikiziandikia kila moja kivyake data huharibika.

Mwisho ni ukubwa wa pakiti, ambao wengi huupandisha kutoka baiti 1500 hadi 9000. Seva, swichi na ghala lazima vyote viuruhusu, la sivyo amri ndogo hupita na data nyingi hukwama, huku ping ya kawaida, yaani pakiti ndogo ya kujaribu kama kifaa kinajibu, ikijibiwa vizuri kabisa. Kipimo cha kweli ni ping ya baiti 8972 isiyoruhusiwa kukatwa njiani. Baiti 28 zinazobaki ni za vichwa vya IP na ICMP.