Picha zilizokataliwa zilivyomfikisha kwenye Oscar

MKULIMA anayeuza mahindi mabichi shambani na yule anayeyakausha, akapukuchua, akachagua na kufungasha, wote wamepanda mbegu moja na kupata mvua moja. Hata hivyo, bei wanayoipata haifanani.

Biashara ya filamu nayo iko hivyo hivyo. Anayelijua vyema jambo hilo ni Elizabeth Chai Vasarhelyi, Mmarekani mwenye asili ya China, ambaye jina lake limekuwa kubwa katika uongozaji wa filamu za matukio ya kweli kuhusu michezo ya hatari.

Vasarhelyi alizaliwa New York mwaka 1979. Mama yake alitoka Hong Kong, na baba yake ana asili ya Hungary. Alisoma Chuo Kikuu cha Princeton, lakini hakusomea michezo wala milima, alisomea fasihi.

Filamu yake ya kwanza, A Normal Life, iliyotoka mwaka 2003, ilihusu vijana wa Kosovo baada ya vita. Ilimpatia tuzo katika tamasha la Tribeca akiwa bado kijana mdogo.

Baada ya hapo alielekeza nguvu zake Senegal. Mwaka 2008 alitoa filamu kuhusu mwanamuziki Youssou N'Dour, mwaka 2013 akatoa Touba kuhusu hija ya Waislamu wa nchi hiyo, na mwaka 2015 Incorruptible, kuhusu uchaguzi wa mwaka 2012 uliomwondoa Rais Abdoulaye Wade madarakani.

Kazi hizo zilimpa heshima na uzoefu, ingawa hazikuwa za kujaza kumbi za sinema. Mlango wa soko kubwa ulifunguliwa na picha ambazo hakuzipiga yeye.

Mzigo uliokosa mnunuzi

Mwaka 2012 alikutana na Jimmy Chin, mpanda milima na mpiga picha ambaye baadaye alifunga naye ndoa. Chin alikuwa na picha za safari za Mlima Meru. Si Meru ya Arusha, bali ile ya India, katika safu ya Himalaya, yenye kilele cha zaidi ya mita 6,000.

Mwaka 2008 Chin na wenzake wawili, Conrad Anker na Renan Ozturk, walipanda na chakula cha siku saba. Dhoruba ikawafanya wakae mlimani siku takriban 20, na wakageuka zikiwa zimebaki mita zipatazo 100 tu. Walirudi mwaka 2011 na kufanikiwa.

Chin alitengeneza filamu, lakini matamasha yaliikataa. Picha zilikuwa nzuri, ila mtazamaji asiyejua kamba wala barafu hakuona sababu ya kuwajali watu wale.

Vasarhelyi, ambaye si mpanda milima, alilitambua tatizo hilo. Aliingia chumba cha kuhariri, wakafanya mahojiano mapya pamoja na watu wa familia, na kueleza kwa nini mtu mwenye wanaomtegemea anarudi mahali palipokaribia kumuua.

Mwaka 2015 filamu hiyo, Meru, ilishinda tuzo ya watazamaji katika tamasha la Sundance. Mlima ulikuwa ule ule, na watu wale wale. Kilichoongezeka ni thamani.

Hasara iliyokubaliwa mapema

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja na Free Solo. Alex Honnold alitaka kupanda mwamba wa El Capitan huko California, wenye urefu wa mita zipatazo 900, bila kamba. Kuteleza mara moja kungekuwa kifo mbele ya kamera.

Swali halikuwa fedha tu. Je, uwepo wa wapiga picha ungeweza kumfanya apande siku ambayo moyo wake haukuwa tayari, au kumpotezea umakini akaanguka?

Vasarhelyi na Chin walitumia wapiga picha ambao wenyewe ni wapandaji hodari. Mahali pagumu zaidi waliweka kamera za kuendeshwa kwa mbali ili asimwone mtu karibu yake. Aidha, uamuzi wa kupanda au kuacha ulibaki mikononi mwake.

Mwaka 2016 Honnold alianza kupanda, kisha akaghairi. Wapiga picha walikuwa tayari wametawanyika mwambani na gharama zilikwishatumika, lakini hakuna aliyemlazimisha kuendelea. Kazi iliahirishwa hadi msimu mwingine.

Juni 3, 2017 alipanda hadi kileleni kwa saa 3 na dakika 56. Filamu ilitoka mwaka 2018, ikaingiza zaidi ya dola milioni 17 katika kumbi za Marekani, na Februari 2019 ikatwaa tuzo ya Oscar.

Mwaka 2021 alitoa The Rescue, kuhusu vijana 12 wa timu ya soka na kocha wao waliokwama pangoni Thailand mwaka 2018. Mwaka 2023 ikafuata Nyad, filamu ya kuigiza kuhusu mwogeleaji Diana Nyad.

Somo kwa mjasiriamali

Mfanyabiashara mdogo anaweza kuchukua mambo mawili hapa. Kwanza, bidhaa iliyokataliwa si lazima iwe mbovu. Huenda imefika sokoni kabla ya kusindikwa, na anayeona kasoro yake anaweza kuwa mtu wa nje ya fani.

Pili, fedha iliyokwishatumika isiwe sababu ya kuingia kwenye hatari. Mkulima aliyenunua mbegu halazimiki kuzifukia kwenye udongo mkavu kwa kuwa tu amezilipia. Kama Honnold angelazimishwa mwaka 2016, huenda leo kusingekuwa na filamu, wala Honnold mwenyewe.