Jinsi kandarasi za kipekee zilivyozima ushindani katika michezo ya video

MNAMO Desemba 13, 2004, kampuni ya Electronic Arts, maarufu kama EA, ilitangaza kwamba imetia saini mkataba wa miaka mitano na ligi ya kandanda ya Marekani, NFL, pamoja na chama cha wachezaji wa ligi hiyo. Kwa mujibu wa mkataba huo, hakuna kampuni nyingine ambayo ingeruhusiwa kutumia majina ya klabu, nembo, jezi, viwanja wala sura za wachezaji wa NFL katika mchezo wa video unaoigiza mechi halisi.

Kwa wengi nje ya Marekani, habari hiyo ilipita kama upepo. Kandanda ya Kimarekani, inayochezwa kwa mpira wenye umbo la yai na wanaume waliovalia kofia ngumu, haina wafuasi wengi katika eneo hili. Hata hivyo, mkataba huo ndio unaotajwa hadi leo kila panapozuka mjadala kuhusu haki za kipekee katika michezo ya video. Na kijana anayelipa shilingi chache kucheza soka ya PlayStation katika kibanda cha mtaani jijini Nairobi au Mombasa ameguswa na biashara ya aina iyo hiyo, ajue asijue.

Ili kuelewa kilichotokea, ni sharti kurejelea miezi michache kabla ya tangazo lenyewe. EA ilikuwa imeuza mchezo wa Madden tangu 1988, ukibeba jina la John Madden, kocha aliyeiongoza timu ya Oakland Raiders kutwaa ubingwa mnamo Januari 1977 na ambaye baadaye alivuma kama mtangazaji wa televisheni. Mpinzani wake mkubwa alikuwa NFL 2K, mchezo uliozinduliwa 1999 kwa ajili ya Dreamcast, mashine ya kampuni ya Sega ambayo EA ilikataa kuitengenezea michezo. Sega iliposalimu amri na kuacha kuunda mashine mnamo 2001, NFL 2K ulihamia PlayStation 2 na Xbox, na hapo ndipo mafahali wawili walipokutana katika zizi moja.

Julai 2004, toleo jipya kwa jina ESPN NFL 2K5 liliingia madukani kwa bei ya takriban dola 20 za Marekani. Wakati huo mchezo mpya uliuzwa takriban dola 50. Na haikuwa bidhaa hafifu iliyopunguzwa bei ili itoke rafuni. Wahakiki waliiweka bega kwa bega na Madden, na baadhi yao waliipendelea zaidi. Kufikia Novemba mwaka huo, EA ililazimika kuteremsha bei ya Madden hadi takriban dola 30. Mnunuzi alikuwa akifaidi kwa njia mbili: bei ilishuka, na kila kampuni ililazimika kubuni mambo mapya kila mwaka ili isiachwe nyuma.

Mwezi mmoja baadaye, mkataba ukatiwa saini na vita vikakoma.

Hapa yafaa kufafanua kinachouzwa hasa katika mikataba ya namna hii. Kanuni za mchezo hazimilikiwi na yeyote. Kampuni yoyote inaweza kutengeneza mchezo wa video wenye wachezaji 11 kila upande, wanaokimbia, kurusha mpira na kuangushana. Lakini jina la klabu, rangi za jezi yake, nembo iliyo kifuani na uso wa mchezaji anayeivaa vyote vina mwenyewe. Mara nyingi wenyewe ni wengi: ligi au klabu humiliki nembo, ilhali chama cha wachezaji husimamia majina na sura za wanachama wake. Ndiyo maana EA ilihitaji saini za pande mbili, si ya NFL pekee.

Aliye nje ya mkataba hubaki na uhuru usio na faida kubwa. Take-Two, kampuni iliyoshirikiana na Sega kuuza NFL 2K5, ilijaribu. Mnamo 2007 ilitoa All-Pro Football 2K8, mchezo uliojaa nyota wastaafu zaidi ya 200 ambao walikubaliana nayo mmoja mmoja, katika timu za kubuni. Wajuzi walisifu jinsi ulivyochezeka. Lakini shabiki wa Dallas Cowboys anataka kuichezea Dallas Cowboys, akiwa na mshambuliaji aliyemwona kwenye televisheni Jumapili iliyopita. Mchezo huo haukupata toleo la pili.

Si vigumu kuelewa msimamo wa ligi. Mwenye nyumba ana haki ya kuchagua mpangaji, na mpangaji mmoja anayelipa vizuri humpunguzia usumbufu. Isitoshe, kwa wakuu wa ligi inayojiona kuwa yenye hadhi kuu Marekani, kuona nembo zao zikiuzwa kwa dola 20 katika vita vya bei hakungekuwa jambo la kufurahisha.

Take-Two ililalamika kwamba NFL ilikuwa imewakosea wanunuzi. Malalamiko hayo yangekuwa na uzito zaidi kama kampuni hiyo isingefanya jambo lilo hilo miezi michache tu baadaye. Januari 2005 iliinunua Visual Concepts, studio iliyounda NFL 2K, kwa dola milioni 24. Kisha ikaingia katika mkataba na ligi kuu ya besiboli, MLB, ulioifungia EA na wachapishaji wengine nje ya mchezo huo kuanzia 2006 hadi 2012. Waliosazwa ni watengenezaji wa mashine zenyewe, kama vile Sony. Mchezo wa MVP Baseball wa EA, ambao mashabiki wa besiboli bado huutaja kwa hamu, ukafa ukiwa katika ubora wake. Nayo EA ikazidi kuzungusha ua: Januari 2005 ilipata haki za kutumia jina la kituo cha ESPN kwa miaka 15, na Aprili ikajipatia haki za kandanda ya vyuo vikuu.

Bei ya Madden ilirudi takriban dola 50 mnamo 2005. Toleo la mashine mpya ya Xbox 360 la mwaka huo lilikosa mambo mengi yaliyokuwamo katika matoleo ya mashine za zamani, lakini mnunuzi aliyetaka NFL hakuwa na duka jingine la kwenda. Miaka 15 baadaye, mnamo 2020, wachezaji walianzisha kampeni katika mtandao wa Twitter wakiitaka EA irekebishe sehemu ya mchezo inayomwezesha mtu kuisimamia klabu kwa misimu mingi, wakidai imetelekezwa. Kampuni hiyo iliahidi maboresho na kuyatoa hatua kwa hatua. Ni vigumu kuamini ingehitaji kampeni kama angekuwapo mshindani wa kuitia kiwewe.

Suala hilo lilifika mahakamani. Juni 2008, wanunuzi waliishtaki EA katika mahakama ya shirikisho jimboni California, wakidai kwamba mikataba yake ilikuwa imeua ushindani na kuiwezesha kupandisha bei kwa karibu asilimia 70. Mnamo 2012 pande hizo ziliafikiana nje ya mahakama. EA, bila kukiri kosa, ilikubali kutoa dola milioni 27 na kutotafuta haki za kipekee za kandanda ya vyuo vikuu kwa miaka mitano. Mkataba wake na NFL, uliokuwa kiini cha lalama, haukuguswa. Mei 2020 ulirefushwa tena.

Wakati kesi hiyo ikiendelea, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi mwingine uliowakuna vichwa mawakili wa ligi. Kampuni ya American Needle, iliyokuwa ikitengeneza kofia zenye nembo za NFL, ilipoteza leseni baada ya ligi kuipa Reebok haki za kipekee kwa miaka 10. Ligi ilijitetea kwamba klabu zake 32 ni kama kampuni moja, na mtu hawezi kula njama na nafsi yake. Mei 2010, majaji wote tisa waliikataa hoja hiyo. Kwa maoni yao, kila klabu inamiliki nembo yake na hushindana na nyingine, hivyo makubaliano yao ya kuuza kwa pamoja yanaweza kuchunguzwa chini ya sheria ya ushindani ya 1890. Uamuzi huo haukusema kwamba mikataba ya kipekee ni haramu. Ulisema tu kwamba haina kinga, na kesi ikarejeshwa katika mahakama ya chini.

Katika soka, mambo yalichukua mkondo tofauti kidogo kwa sababu haki zimetapakaa. Kuna FIFA, kuna mashirikisho ya nchi, kuna ligi, kuna klabu, na kuna muungano wa wachezaji wa kulipwa, FIFPRO. EA, iliyouza mchezo wake wa kwanza wenye jina la FIFA mnamo 1993, ilikusanya leseni hizo moja baada ya nyingine. Kampuni ya Konami ya Japani, iliyotengeneza Pro Evolution Soccer, iliokota zilizosalia.

Waliocheza Pro Evolution katika miaka hiyo watakumbuka vituko vyake. Liverpool ilikuwa Merseyside Red, Manchester City ikawa Man Blue, nayo Chelsea ikaitwa London FC. Katika matoleo ya awali beki Roberto Carlos wa Brazil aligeuzwa Larcos. Wakati mwingine mchezaji alikuwa na jina lake halisi kwa hisani ya FIFPRO ilhali klabu yake haikuwa nalo: aliyekuwa nahodha wa Harambee Stars, Victor Wanyama, aliitwa Wanyama, lakini Tottenham aliyoichezea haikuitwa Tottenham. Licha ya hayo, mchezo huo ulipendwa mno, na kwa miaka kadhaa wengi waliuona kuwa bora kuliko FIFA. Wachezaji wenye ujuzi wa kompyuta walikesha wakibadilisha majina na jezi kwa mikono yao.

Lakini subira ya mashabiki ina kikomo. Konami ilipoteza haki za Ligi ya Mabingwa ya Uropa mnamo 2018, zikachukuliwa na EA. Mwaka uliofuata ilijibu kwa kuinyakua Juventus, aliyoichezea Cristiano Ronaldo wakati huo, na EA ikalazimika kuiita klabu hiyo Piemonte Calcio katika FIFA 20. Ulikuwa ushindi mdogo. Mnamo 2021 Konami iliachana na jina la Pro Evolution na kutoa eFootball, mchezo unaopatikana bila malipo, na ushindani wa kuuza mchezo kamili kila mwaka ukawa umekwisha.

Kisha FIFA yenyewe ikatikisa kiberiti. Gazeti la New York Times liliripoti Oktoba 2021 kwamba shirikisho hilo lilitaka zaidi ya dola bilioni moja kwa kila miaka minne ili jina lake liendelee kutumika, na mwezi uo huo FIFA ilisema haifai mhusika mmoja kudhibiti haki zote. Mei 2022 EA ilitangaza kuachana nayo. Toleo la Septemba 2023 lilikuja kwa jina EA Sports FC, likiwa na zaidi ya wachezaji 19,000 na klabu 700 zilezile za awali. Kilichoondoka ni herufi nne na Kombe la Dunia. Ilibainika kwamba nguvu ya EA haikuwa katika jina bali katika mamia ya mikataba midogo na ligi na klabu, ambayo mgeni yeyote angehitaji miaka mingi na fedha nyingi kuikusanya.

Fedha zenyewe siku hizi hazitoki dukani pekee. Sehemu iitwayo Ultimate Team humwuzia mchezaji vifurushi vya kadi za wanasoka bila yeye kujua atakayempata ndani. Katika mwaka wa kifedha uliokamilika Machi 2021, biashara hiyo iliipatia EA dola bilioni 1.62 kutoka kwa michezo yake mbalimbali. Ubelgiji iliiona kuwa kamari, na EA ikaacha kuuza sarafu zake humo Januari 2019. Kadi ya mchezaji wa kubuni haina thamani kwa mtu; ya Kylian Mbappe inayo. Leseni, kwa hivyo, haimlindi tena muuzaji wa mchezo tu, bali pia mwenye mtambo wa kuchuma fedha mwaka mzima. Septemba 2025 ilitangazwa kwamba kundi la wawekezaji likiongozwa na hazina ya uwekezaji ya Saudi Arabia limekubali kuinunua EA kwa dola bilioni 55.

Wapo wanaohoji kama mikataba ya kipekee ndiyo mhalifu pekee, na mfano wao ni mpira wa vikapu. NBA ilitoa leseni kwa kampuni kadhaa, lakini EA ilijikwaa yenyewe: ilifuta toleo la 2010 katika dakika za mwisho, ikafuta tena la 2012, na tangu 2018 haijatoa jingine katika mfululizo huo kwa PlayStation na Xbox. NBA 2K umebaki peke yake bila mkataba wowote wa kuwazuia wengine, nao pia hulaumiwa kwa kuwakamua wachezaji. Hoja hiyo ina ukweli. Tofauti ni kwamba katika mpira wa vikapu mlango haukufungwa kwa kufuli. EA ilitoka kwa miguu yake.

Kuhusu ESPN NFL 2K5, ule mchezo wa dola 20, mashabiki wake hawajauzika. Miongo miwili baada ya studio kuacha kuutengeneza, wangali wakibadilisha orodha za wachezaji katika diski hiyo ya 2004, wakiwaondoa waliostaafu na kuwatia wanaocheza sasa, ili msimu unapoanza wapate kuucheza tena.