Harambee ya bustani ya shule: hakikisha mchango wako unafika hadi kwenye mboga

Muhula ukifunguliwa tu, simu ya mzazi haitulii. Kuna ujumbe wa sare, wa vitabu, wa basi. Halafu unaingia mwingine kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa: "Wazazi wapendwa, tunaomba kila mmoja achangie bustani ya shule." Unatuma mia mbili, unapata SMS ya uthibitisho, unaendelea na kazi zako. Mwaka ukiisha unapita pale shuleni, unakuta matuta manne makavu na kibao cha 4-K Club. Hapo ndipo watu huanza kuulizana pesa zilienda wapi.

Mara nyingi hakuna aliyezila. Zilinunua majembe na mbegu, zikaisha wiki hiyo hiyo, na hakuna aliyekuwa amepanga maji ya Januari. Lakini kama zilipitia kwa simu ya mtu mmoja na hakuna hesabu iliyotolewa, mtu huyo atabaki na lawama, na harambee ya pili haitachangiwa. Leo tunaeleza jinsi ya kupanga mchango wa bustani ili mboga zipatikane, na mweka hazina abaki na jina safi.

Bustani ni darasa pia

Chini ya mtaala wa umilisi, mtoto anaanza kusoma kilimo kama somo akifika Gredi ya 4, na sehemu kubwa ya somo hilo ni kazi ya mikono: kuandaa kitalu, kupanda, kutunza udongo na maji. 4-K Club nazo zimekuwepo tangu 1962 na zilizinduliwa upya 2021. Jina lenyewe linasema kazi yake: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Na pale ambapo watoto wanakula chakula cha mchana shuleni, sukuma au kunde kutoka nyuma ya darasa hubadilisha sahani ya githeri.

Kuchangia shule nako si jambo geni kwetu. Shule nyingi za upili za miaka ya 1960 na 1970 zilijengwa kwa harambee. Tofauti ni kwamba darasa likishaezekwa, limesimama. Bustani inataka maji kila siku, kwa hivyo pesa zake haziwezi kupangwa kama pesa za mabati.

Kabla ya kuomba shilingi, piga hesabu ya maji

Kuna kanuni moja rahisi. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya paa, inatoa lita 1 ya maji. Chukua darasa lenye paa la mita 8 kwa 6, yaani mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 20 italeta lita 960. Toa yanayomwagika na ya kusafisha paa, hesabu kama lita 800.

Sasa angalia matumizi. Tuta la mita 1 kwa 5, wakati wa jua kali, linaweza kumaliza mitungi miwili ya lita 20 kwa siku. Matuta manne ni lita 160. Zile lita 800 zitakwisha kwa siku tano! Tangi la lita 5,000 likiwa limejaa litakupa mwezi mmoja hivi. Ukitandaza nyasi kavu juu ya udongo, maji yatadumu zaidi. Ukianza na matuta mawili badala ya manne, tangi lile lile linakuvusha miezi miwili.

Hesabu hii ndiyo inakuambia uchange pesa ngapi. Kama hamwezi kununua tangi kubwa, punguzeni matuta au mtumie bustani za magunia. Msinunue mbegu za shamba zima halafu mtegemee mawingu.

Kalenda ya shule na ya mvua haziendi pamoja

Sehemu nyingi za nchi hupata mvua ndefu kati ya Machi na Mei, na mvua fupi kati ya Oktoba na Desemba. Shule nayo hufunga kwa likizo ndefu mvua fupi zikiendelea, na hufungua Januari jua likiwa kali. Maana yake, mboga hunawiri wakati hakuna mtoto shuleni, kisha hukauka watoto wanaporudi.

Kwa hivyo amueni mapema nani atamwagilia na kuchuma wakati wa likizo. Mnaweza kukubaliana na familia inayoishi karibu: watunze bustani, wachukue sehemu ya mavuno, shule ibaki na nyingine. Mnaweza pia kumlipa kibarua, na hiyo iingie kwenye bajeti. Lolote mtakaloamua, liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Chagua mimea kwa kuhesabu wiki pia. Kunde na terere huanza kuchumwa majani baada ya wiki 3 hadi 4 hivi. Sukuma hukaa kitaluni karibu wiki 4, kisha huchukua wiki 6 hadi 8 baada ya kupandikizwa. Ukisia mbegu za sukuma muhula ukiwa umeanza, utachuma ukielekea kufungwa. Kununua miche tayari kunaokoa mwezi mzima.

Omba kitu, usiombe "mchango"

Watu hutoa kwa urahisi wakijua wanachonunua. Tuseme tangi na mifereji ya paa ni KSh 45,000, uzio KSh 12,000, majembe na mitungi KSh 6,000, miche na samadi KSh 5,000. Jumla KSh 68,000. Hizi ni tarakimu za mfano tu. Bei halisi ulizeni agrovet na duka la vifaa la kwenu, na mpate angalau bei za maduka mawili.

Ukishakuwa na orodha, ujumbe wako unakuwa hivi: "Uzio unahitaji KSh 12,000. Tumefikisha 7,500. Imebaki 4,500." Mzazi anaona pengo na anaona mia mbili yake inaenda wapi.

Na tusisahau: mchango huu ni wa hiari. Asiye na pesa anaweza kuleta gunia la samadi au asubuhi moja ya kulima. Mtoto asirudishwe nyumbani wala asitajwe mbele ya wenzake kwa sababu mzazi hajatuma. Hata orodha ya waliochanga mnayobandika kwenye kikundi, fikirieni mara mbili kama inasaidia au inaaibisha.

Pesa ziingie wapi?

Kaeni kwanza na mwalimu mkuu, bodi ya usimamizi na chama cha wazazi. Kisha chagueni njia.

- *Namba ya simu ya mtu binafsi.* Ni rahisi kuanza nayo, lakini ni hatari kwa kila mtu. Pesa za bustani zinachanganyika na za unga na nauli. Simu ikipotea, au mwenye nayo akiugua, mchango unakwama. Tunakushauri uiepuke hata kama mweka hazina ni mtu mnayemwamini kabisa.
- *Namba ya till.* Inatenganisha pesa na salio la mtu, na mtumaji huona jina lililosajiliwa. Ila haina nafasi ya kuandika mchango ni wa nini.
- *Paybill iliyounganishwa na akaunti ya benki ya shule.* Kwa mchango wa shule, hii ndiyo tunaipendekeza. Kutoa pesa benki kunahitaji sahihi zaidi ya moja. Na kama mpango wenu unaruhusu mtumaji kuandika neno kwenye sehemu ya akaunti, mwambieni aandike BUSTANI na jina lake, ili mchango usichanganyike na pesa za chakula.

Ulizeni pia kuhusu ada kabla hamjatangaza namba. Kwenye Paybill, kulingana na mpango mliochagua, ada inaweza kulipwa na mtumaji, na mpokeaji, au mkagawana. Kama mnakusanya viwango vidogo, linganisheni ada ya kutuma KSh 150 mara moja kwa muhula na ya kutuma KSh 50 kila mwezi.

Kuhesabu bila kugombana

Hesabuni kwa kutumia taarifa ya akaunti, sio kwa skrinshoti. SMS iliyosambazwa inaweza kuwa imebadilishwa, na skrinshoti inaweza kuwa ya mwaka jana. Mtu akisema ametuma, tafuta namba ya muamala wake kwenye taarifa. Isipokuwepo, mwombe akague ujumbe wake tena kwa upole; huenda alikosea tarakimu moja.

Wakati wa kununua, lipeni agrovet au fundi moja kwa moja kwa simu au benki badala ya kutoa taslimu kwanza. Kila shilingi itakuwa na jina la aliyelipwa na tarehe. Weka risiti ya karatasi pamoja na namba ya muamala kwenye daftari moja, na daftari likae shuleni.

Matapeli nao hupenda harambee

Bango la mchango likishasambaa WhatsApp, mtu anaweza kubadilisha namba akalirusha upya. Ndiyo maana kwenye kila tangazo andikeni jina litakalotokea, kwa mfano: "Ukiona jina tofauti na la shule, usitume." Wewe mchangaji, soma jina kabla ya kuweka PIN.

Mweka hazina naye ajihadhari na simu za "nimetuma kimakosa, nirudishie." Usirudishe kwa kutuma wewe mwenyewe. Kagua salio kwanza, kisha mwambie aliyekosea aombe marejesho kupitia huduma kwa wateja. Na PIN ni yako peke yako. Hata sisi hatutakupigia kuiuliza.

Ripoti ndiyo harambee ya pili

Ndani ya wiki mbili baada ya kununua vitu, tumeni ujumbe mfupi: zilizoingia, zilizotumika, zilizobaki, na picha ya tangi. Muhula ukiisha tumeni mwingine, lakini huu uwe wa mboga: tulichuma kilo ngapi, ziliingia jikoni siku ngapi, matuta mangapi yalikauka na kwa nini. Wapeni watoto wa 4-K Club mizani na daftari waweke rekodi wenyewe. Ni hesabu na kilimo kwa pamoja, na mzazi ataiamini zaidi kuliko maneno ya kamati.

Ukitoa ripoti hiyo, kuomba tena hakuna aibu. Wazazi 60 wakitoa KSh 150 kila muhula ni KSh 9,000, na kwa mihula mitatu ni KSh 27,000. Hazitanunua tangi lingine, lakini zinaweza kulipia miche, kutengeneza mfereji uliovuja na kumlipa wa kumwagilia Desemba. Bustani nyingi hufa kwa kukosa pesa ndogo kama hizo.

Kama shule yenu inataka kufungua Paybill, mwalimu mkuu aje na wenye sahihi wa akaunti kwenye ofisi yetu iliyo karibu au apigie huduma kwa wateja. Tutawaeleza stakabadhi zinazohitajika na ada za kila mpango, ndipo mtangaze namba.